Vidonge Nilivyomwaga Tindiga

Bwana asifiwe, ndugu zangu! Wa mbele nimewasikia. Wa nyuma mtaitikia mwishoni, mkishajua ninashuhudia nini.

Wazee wangu, shikamooni. Jina langu ni Yona, nakaa hapa hapa Kilosa, mtaa huu wa Magomeni. Wengi mnaniita Baba Neema. Wengine mna jina lenu lile la sokoni, nalisikia mkilitaja nikipita, na wala halinichomi tena.

Mimi si mtu wa kulia madhabahuni. Nimefanya kazi ya reli miaka mingi, na kazi ile inamfundisha mtu kutazama kitu na kukisema kilivyo. Taruma, ule mti unaobeba reli, likioza, unaandika limeoza, huongezi neno. Nitasema hivyo hivyo leo. Lakini mjue pia nina deni na ninyi la maneno. Mara ya kwanza niliposhuhudia mbele ya kanisa hili mlipiga vigelegele mpaka watoto wakaamka, na nilichosema siku ile hakikuwa kweli. Nimekuja kukirekebisha.

Baba yangu aliletwa na reli kutoka Kigoma, akafanya kazi hapa, akazikwa hapa. Mimi nikaingia kazini nyuma yake. Nilikuwa mkagua njia kwenye tawi linalotoka Kilosa kupitia Mikumi hadi Kidatu. Asubuhi, kabla ya treni kupita, unatembea juu ya mataruma na nyundo begani na bendera mbili kwapani, nyekundu na kijani. Masika maji yakila tuta, unakimbia kuilaki treni, unasimama katikati ya reli, unainua nyekundu. Niliwahi kuisimamisha treni ya mizigo namna hiyo, na kweli mbele yake tuta lilikuwa limekwenda na maji. Nyapara wetu, sasa ni marehemu, alinishika mkono mbele ya wenzangu wote. Sikuwahi kupata sifa kubwa kuliko ile.

Kisha ikaja miaka ya soko huria. Tuliitwa ofisini kwa makundi, tukaambiwa tumepunguzwa kazini. Nyundo nilirudisha, taa nilirudisha. Sare ya kaki na bendera nilibaki nazo, kwa kuwa hakuna aliyeziuliza.

Nikahamia Mikumi kwa shemeji yangu, ambaye alikuwa akiziba pancha pembeni mwa barabara kuu. Mama Neema na mtoto nikawachukua. Malori yalikuwa mengi, mabasi ya Iringa na Mbeya hayakatiki, kazi ilikuwepo. Lakini usingizi ukanikimbia, chakula kikawa hakipandi, na siku moja mchana kweupe, nikiwa na tairi mkononi, nikamsikia nyapara. Marehemu, ndugu zangu! Aliniambia, "Yona, daraja limeondoka. Simamisha." Nikageuka, hakuna mtu. Mwanzoni nilikuwa nageuka na kuona kwamba hakuna mtu. Baadaye nikaacha kugeuka.

Asubuhi moja nikavaa kaki, nikachukua nyekundu, nikasimama katikati ya lami. Hapa mtacheka, na mcheke tu, mimi mwenyewe huwa nacheka. Magari yalisimama! Siku tatu mfululizo yalisimama. Madereva waliona kaki na bendera wakadhani ni mtu wa barabara, au tembo wanavuka kule mbele. Mmoja akanipa soda. Wauza mahindi ya kuchoma walinipenda sana, maana kila basi likisimama wao wanakimbilia madirishani, na jioni ya siku ya pili walinitengea mahindi mawili makubwa. Watu wa Mikumi ni wazuri, lakini hakuna hata mmoja aliyeniuliza nimetumwa na nani.

Siku ya nne basi lilitoka kwenye kona kwa kasi. Dereva alinikwepa, likaingia mtaroni, likalala ubavu. Hakufa mtu. Ninamshukuru Mungu kwa maneno hayo mawili kila ninapoamka. Mzee mmoja alivunjika mkono na mama mmoja alipasuka kichwa. Mimi nilibaki nimesimama pale pale na bendera yangu, nikisubiri kupongezwa.

Nilipigwa, halafu polisi wakaniokoa, halafu wakaniweka mahabusu. Mama Neema alimchukua mtoto akaenda kwao Kisanga. Simlaumu.

Kesi ilisikilizwa Kilosa. Daktari alinipima akaandika alichokiona. Hakimu alikuwa mama mtu mzima, anazungumza taratibu, na alisema kosa lipo na ugonjwa upo, kimoja hakifuti kingine. Badala ya jela akaniuliza kama nakubali kutumikia jamii miezi kumi kwenye hospitali ya wilaya: kufyeka, kufagia, kuchota maji ya wodini, kila asubuhi mpaka saa sita, halafu narudi hapa Magomeni, kwenye nyumba aliyoacha baba. Sharti lake lilikuwa dawa. Kila Alhamisi ya kwanza ya mwezi niende kliniki ya akili nikachomwe sindano, na vidonge nimeze kila siku. Nikivunja sharti, adhabu iliyobaki naimalizia gerezani. Nikakubali.

Nikakabidhiwa kwa mama mmoja wa ustawi wa jamii, Mama Kalinga, awe msimamizi wangu. Siku ya kwanza aliniambia, "Mimi si adui yako, Yona. Lakini si shangazi yako pia. Usipofika kazini nitaandika, na usipofika kliniki nitaandika." Nikamwelewa. Kwenye reli tulikuwa tunasema hivyo hivyo.

Watu mtaani walituita sisi wa adhabu hiyo wafungwa wa nje. Nilikuwa nafyeka nje ya uzio, majirani wanapita, wanapunguza mwendo, wanaongeza mwendo. Niliona aibu, sitaficha. Lakini dawa ilikuwa inafanya kazi yake. Sista Restituta, nesi wa kliniki ile, alinichoma sindano, akanipa na vidonge, akanieleza bila kunipaka mafuta kwamba mdomo utakauka, mikono itatetemeka kidogo, na nitanenepa. Yote yakatokea. Na usingizi ukarudi. Mwezi wa pili nyapara alikuwa akisema kwa mbali, nusu neno tu. Mwezi wa tatu akanyamaza. Nikafyeka nyasi asubuhi nzima na zikawa ni nyasi tu. Mama Neema akaja kunitazama, akakaa saa moja, akasema atafikiria.

Sasa sikilizeni ndugu zangu, maana tumefika kwenye kosa.

Kulikuwa na mkutano wa injili Tindiga, kwa zile familia zilizohamia na ng'ombe wao kutoka kanda ya ziwa. Mchungaji Maduhu ndiye aliyehubiri, huyu huyu aliyeketi nyuma yangu, naye ameniruhusu niseme yote. Mimi nilikwenda na kwaya. Mchungaji aliniona nimetulia, nimenenepa, ninaimba, akafurahi kwa moyo safi kabisa, akaniita mbele. Nikasema Bwana ameniponya. Umati ukalipuka! Mchungaji akauliza, "Na hivyo vilivyoko mfukoni mwako?" Nikasema ni vidonge vyangu vya akili. Akasema, "Kama umepona, vya nini?"

Watu walikuwa wanangoja. Mimi ni mtu aliyepigwa na umati Mikumi na sasa umati unanishangilia. Mtajaza wenyewe yaliyobaki.

Kuna kosa ambalo ni letu sisi watu wa kanisani, sijaliona kwingine. Mtu akipona malaria, hakuna anayemwambia kwamba kwinini imemnyang'anya Mungu utukufu. Mama akijifungua kwa kisu tunaimba, na daktari tunamtajia jina katika maombi. Lakini mtu akiugua kichwa tunataka muujiza usiopitia dirisha la dawa. Tukiona kidonge tunaona mashaka. Nikatoa pakiti, nikavimwaga vidonge vyote kwenye mfereji wa mpunga mbele ya watu. Kulikuwa na bata wanaogelea pale. Niliwahurumia bata wale kidogo, kisha vigelegele vikanisahaulisha.

Jumapili iliyofuata nikaurudia ushuhuda ule hapa, mahali hapa nilipo. Alhamisi ya sindano ilipofika, nikapita nyuma ya chumba cha Sista na fyekeo begani, mwendo wa mtu mwenye kazi nyingi. Na Mama Kalinga aliponiuliza nikamwambia niko vizuri. Kweli nilikuwa niko vizuri. Ndivyo dawa zile zilivyo: zinakutoka mwilini polepole, hazikuagi.

Hazikupita wiki nyingi, nyapara akarudi.

Siku hiyo nilikuwa nimepewa zamu ya geti la hospitali. Pikapu ilifika kutoka Kisanga imebeba mama mwenye uchungu wa kuzaa, amelazwa kwenye magunia, mama mkwe wake amemshika kichwa. Mimi nilikuwa nimelifunga geti kwa mnyororo. Yule mama mkwe akashuka, mtu wa umri wa mama yangu, akanipigia magoti kwenye vumbi. "Baba, tufungulie, mtoto anakuja!"

Nikamjibu kwa heshima zote, "Mama, njia haijakaguliwa."

Ndugu zangu, mtoto alizaliwa juu ya pikapu, mbele ya geti. Manesi walitoka kwa mlango mdogo wa pembeni wakampokea pale pale. Alilia mara moja, mama akawa salama, na hilo nalo namshukuru Mungu kila ninapoamka. Basi lile la Mikumi nimekwisha kulisema mara nyingi mpaka limekuwa hadithi. Hili la getini sijalizoea.

Mama Kalinga aliandika, kama alivyoahidi. Nilichomwa sindano siku hiyo hiyo nikiwa nimeshikwa na wanaume wanne, na nilipopata nafuu nikarudishwa kwa hakimu. Kila mtu alijua linalofuata. Sharti nilikuwa nimelivunja kwa mikono yangu, hadharani, na mashahidi walikuwa mkutano mzima. Ndani nilijua kitu kingine zaidi: gerezani, kwa hali ile niliyokuwa nayo, sitoki mzima. Mama Neema alikuja, akaketi mstari wa nyuma kabisa, karibu na mlango. Nikaelewa amekuja kuniaga.

Hakimu akaniuliza kwa nini niliacha dawa. Ningeweza kusema. Nikainamisha kichwa, nikasema ni uzembe wangu. Sikutaka jina la kanisa liingie kwenye karatasi za mahakama.

Hapo ndipo mtu akasimama kule nyuma bila kuitwa. Karani akamwambia akae. Hakukaa.

"Mheshimiwa," akasema Mchungaji Maduhu, "huyu anakudanganya. Hakuacha kwa uzembe. Mimi ndiye niliyemwambia avimwage."

Hakimu akaweka kalamu chini. "Wewe udaktari umesomea wapi, Mchungaji?"

"Sikusoma, Mheshimiwa. Ndiyo maana nimesimama."

Mchungaji alikuwa amevaa kola yake, na nje ya mlango walikuwepo waumini wake wamejaa, na wote walisikia. Nimemwona mtu huyu akihubiri mara nyingi sana. Siku niliyompenda ni ile.

Hakimu akampa Mama Kalinga nafasi ya kusema. Mama Kalinga akasema kwamba kwa miezi mitatu niliyomeza dawa sikukosa kazini hata asubuhi moja, na kwamba hajaona mfungwa wa nje anayefyeka mistari iliyonyooka namna ile. Hakuniremba. Alisoma alichoandika, akakaa.

Hakimu akaniongezea miezi miwili, akaniacha nje. Kisha akamgeukia Mchungaji akasema, "Na wewe, siku ya kliniki utamleta mwenyewe. Si kumtuma mzee wa kanisa. Wewe." Mchungaji akasema, "Ndiyo, Mheshimiwa."

Basi kila Alhamisi ya kwanza ya mwezi nilimsikia akipiga kengele ya baiskeli nje ya nyumba, nami napanda nyuma. Tulikuwa wawili wanene, mnisamehe, baiskeli ililia njia nzima. Mara ya kwanza tulipofika, Mchungaji akaona benchi limejaa watu, wenye kifafa, wenye huzuni za miaka, binti mmoja aliyefungwa kamba ya kiunoni na kaka yake, akasimama akafungua Biblia ahubiri. Sista Restituta akatoa kichwa dirishani.

"Mchungaji, hii ni foleni. Kaa."

Akakaa. Na alikaa miezi mingi, na alisikia habari ambazo hatukuwahi kumletea hapa kanisani, kwa sababu tulijua angetuambia tuombe zaidi. Mwezi wa nne wa safari zile yule binti alikuja bila kamba, amebeba kikapu. Mchungaji akanigusa kiwiko. Tangu mwezi ule mahubiri yake yalibadilika, ninyi wenyewe mliona ila hamkujua yametoka wapi. Na tunaomba bado! Tunaomba kabla ya sindano na baada yake. Anayedhani nimekuja hapa kuwapunguzia maombi hajanisikia.

Mama Neema alirudi nyumbani mwezi wa saba wa safari hizo, akiwa na mtoto na kuku wanne. Alikagua pakiti ya vidonge, akaviangalia vimebaki vingapi, akaingia jikoni.

Miezi ikaisha. Mama Kalinga aliniita ofisini, akaniwekea karatasi nitie sahihi. Akasema, "Umemaliza, Yona. Serikali haikudai kitu. Kufyeka basi. Kuja kwangu basi. Na kliniki sasa ni hiari yako, hakuna atakayekuandika." Akanipa mkono. Nilitoka pale nikiwa huru mbele ya sheria.

Lakini ndugu zangu, niwaambie jambo ambalo sikumwambia yeye. Nilitoka pale ninaogopa. Miezi yote ile nilikuwa nabebwa: kuna karatasi inanisukuma, kuna Mchungaji ananipakia, kuna gereza linaningoja nikizubaa. Sikujua kama ndani ya hayo yote kuna Yona anayejipeleka.

Alhamisi ya kwanza ikafika. Mvua ilikuwa imenyesha, shamba linaita, mbegu ya mpunga imelowekwa na haingoji. Nikasikiliza kengele ya baiskeli. Haikulia. Mchungaji alikuwa ameamua asinipitie, aliniambia baadaye, na alikaa kwake asubuhi nzima ameshika kichwa. Mama Neema alijua ni siku gani, mgongo wake wote ulijua, lakini aliendelea kupepeta mchele. Hakuna aliyeniambia nenda. Mdomo ulikuwa umekauka, mikono inatetemeka, tumbo limetangulia mbele, na nilikuwa mzima, na jembe liko mlangoni. Nikakumbuka kwamba Tindiga pia nilikuwa mzima.

Nikatembea kwa miguu. Matope mpaka kwenye vifundo. Nikafika nikakaa kwenye foleni na zamu yangu ikafika. Sista Restituta akafungua daftari lake kubwa. Lina mstari wa jina, mstari wa dawa, na mstari unaouliza mgonjwa ameletwa na nani. Aliipitisha kalamu juu ya kurasa zangu za nyuma nikaziona. Mwezi wa kwanza: polisi. Halafu: ustawi wa jamii. Halafu Mchungaji, Mchungaji, Mchungaji, mpaka chini.

Akatazama nyuma yangu, mlangoni. "Leo umeletwa na nani?"

Nikasema, "Nimekuja mwenyewe, Sista."

Akaandika. Niliona akiandika: mwenyewe. Nikageuka nichomwe sindano, na hapo ndipo nililia, mimi ambaye si mtu wa kulia, na Sista akadhani sindano imeuma.

Ndugu zangu, kule kufunguliwa nilikowatangazia zamani hakukuwapo. Huku ndiko kufunguliwa kwangu. Sikuponywa kwa kumwaga dawa. Bwana alinitoa kwa hakimu aliyenihukumu bila kunitupa, kwa msimamizi asiyedanganya, kwa mchungaji aliyekubali kuaibika, na kwa sindano ambayo bado nachomwa na nitaendelea kuchomwa. Mkono huu mnaouona unatetemeka ni wa mtu mzima. Ninamshukuru Mungu kwa huo mkono na kwa mtetemo wake.

Na aliye humu ndani anayesikia sauti, au anayemfungia mtu wake chumba cha uani tukija kumsalimu, au aliyeacha dawa zake kwa sababu ya yale niliyoyasema siku ile, huyo namwomba radhi mbele ya kanisa. Mwamini Bwana, na Alhamisi njoo. Ukiweza kuja mwenyewe, njoo. Ukiwa bado huwezi, nitakupitia nyumbani, na Sista akiuliza umeletwa na nani, mwambie aandike jina langu.